Kihamba cha Kilema: mibuni ya babu imechoka, ning'oe niweke parachichi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kitindamimba kwetu Kilema, mlimani Kilimanjaro, mzee alifariki mwaka juzi akaniachia kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, kama eka moja hivi. Mi nafanya kazi Dar, mama yuko nyumbani na umri umeenda, yuko zaidi ya 70. Mibuni iliyopo ni ya babu, inafika 400, na msimu uliopita tumepata kilo 80 tu za kahawa kavu, hela yake haikurudisha hata ya dawa. Jirani kang'oa yote kaweka parachichi. Na mimi ning'oe? Au inafufuka? Na nikikaanga mwenyewe nikauza Dar inalipa? Halafu kingine, kwa nini sisi wa mlimani tunalima kahawa miaka yote hii ila majumbani hainywewi?"

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza maswali manne kwa mpigo na yote ni ya maana, ngoja nianze na lile zito.

Usiing'oe. Angalau mwaka huu usiguse jembe kwa ajili ya kung'oa, kwa sababu hizo kilo 80 zako hazikuambii kama kahawa inalipa au hailipi, zinakuambia tu kwamba shamba halina mtu. Gawanya mwenyewe, kilo 80 kwa miti 400 ni gramu 200 kwa mti. Mbuni uliopogolewa, ukala samadi na ukalindwa na ugonjwa unatoa kilo nzima ya kavu bila shida, na wapo wanaopata zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla hatujaongelea kahawa au parachichi au vanila au chochote watu wanachokitaja siku hizi, kuna jambo moja ulitatue kwanza: nani atakuwepo kihambani? Mama wa miaka 70 hawezi kupogoa miti 400 wala kubeba bomba la dawa mgongoni, na wewe kusimamia kwa simu kutoka Dar haiwezekani, nimeona wengi sana wakijaribu na kahawa haisikilizi simu. Mti huu unataka mkono kila mwezi.

Tupige hesabu ya mikono ili unielewe. Tuseme umefanikiwa, miti yako 400 inatoa kilo 400 za kavu. Kilo moja ya kavu inatokana na kama kilo 5 za kahawa mbivu, kwa hiyo hapo una kilo 2,000 za kuchuma. Mchumaji mzoefu anayechagua nyekundu tu anafanya kilo 40 mpaka 50 kwa siku, basi hizo ni siku 40 hadi 50 za mtu mmoja, na haziji mfululizo maana kahawa haiivi siku moja, unarudi kwenye mti uleule kila baada ya siku kumi au wiki mbili kuanzia kama Julai mpaka karibu Desemba. Weka na palizi, kupogoa, kutoa maotea, samadi, dawa. Siyo kazi ya kumwajiri mtu mwaka mzima kwa mshahara wa mjini ila siyo kazi ya kibarua wa kuja mara mbili kwa mwaka pia. Wanaofanikiwa sasa hivi huko kwenu ni wale wenye kijana wa kudumu, mpwa au binamu anayekaa pale, na wamekubaliana kwa maandishi kwamba anapata sehemu ya mauzo (siyo posho, sehemu ya mauzo) maana ndiyo inayomfanya asivune mbichi ili amalize haraka. Ukimpata mtu huyo endelea kusoma. Ukimkosa, hata hiyo parachichi usipande.

Sasa kwa nini miti imekuwa hivyo, maana najua kuna watu watakuambia mzee alikuwa mvivu na si kweli kabisa. Kilema ndiko kahawa ya Kilimanjaro ilikoanzia kabisa, wamisionari wa Kikatoliki waliipanda pale misheni mwishoni mwa karne ya 19, na Wachagga wakaiona wakaichukua wakaiweka katikati ya migomba yao, siyo kwenye shamba la peke yake kama walivyofanya walowezi. Mwaka 1925 wakulima walikuwa tayari na chama chao cha kulinda kahawa yao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika mkuu wa wakulima wa Kilimanjaro, ile ambayo babu yako bila shaka alikuwa mwanachama. Mwaka uliofuata, 1934, kikafunguliwa kituo cha utafiti pale Lyamungo, na hapo ndipo zilipochaguliwa zile mbegu za N39 na KP423 ambazo nina uhakika mkubwa ndizo zimejaa kwenye kihamba chako. Ni mbegu nzuri mno kwa ladha. Tatizo ni moja tu, zilichaguliwa kabla ya ugonjwa wa chulebuni kufika.

Chulebuni uligundulika Kenya mwaka 1922 na huku kwetu ukaja kutusumbua kuanzia miaka ya 1960. Ni kuvu anayekamata tunda likiwa bado changa na kijani, linatoa doa jeusi lililobonyea, linaoza, linadondoka, na kwenye baridi na ukungu wa juu unaweza kupoteza karibu mazao yote usipopuliza. Ndiyo ukaja wakati wa mrututu, ile dawa ya kopa ya kuua kuvu, kila nyumba ina bomba, kila msimu wa mvua watu wanapuliza kila baada ya wiki tatu nne, na dawa ilikuwa inapatikana kwa mkopo kupitia ushirika, inakatwa kwenye mauzo. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake ila mti ulikuwa unapata dawa. Halafu 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudishwa 1984 vikiwa vimechoka, 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana mgao wa kahawa yakavunjika bei ikaporomoka dunia nzima, katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa na mikopo ya dawa ikaisha, na 2001 bei ya arabika New York ikashuka chini ya senti 50 za dola kwa pauni ya uzito. Mzee wako alipiga hesabu kama mtu mwenye akili timamu, dawa inamgharimu kuliko kahawa inavyomlipa, akaacha kupuliza, akahamishia nguvu kwenye ndizi na ng'ombe na kusomesha nyinyi. Miti ikabaki. Kwa hiyo unayoiona pale leo ni miti ambayo haijahudumiwa ipasavyo kwa karibu miaka 30, na bado inakupa kilo 80! Mi nauheshimu sana mti wa namna hiyo.

Basi inafufukaje. Ukienda likizo ya Desemba zunguka kihamba mti kwa mti na kopo la rangi. Angalia shina karibu na ardhi, ukiona matundu na unga kama wa msumeno chini yake huyo ni bungua, funza wake anakaa ndani ya shina hata mwaka na zaidi akila, na mti ulioliwa sana haufufuki, huo kata uchome moto siku hiyohiyo usiuache kama kuni uani maana anatoka anahamia mwingine. Mti wenye tundu moja mbili waweza kuingiza waya ukamuua humohumo. Kisha geuza majani, unga wa rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu. Zamani kutu ilikuwa ya huku chini kwenye joto na chulebuni ya juu kwenye baridi, sasa kutu inapanda. Mti ambao shina lake ni zima hata kama juu umekonda na umejaa vijiti, huo uwekee alama, ndio mtaji wako.

Hiyo yenye alama utaikata kisiki. Watu wanaogopa sana hapa, mama atalia, mwambie mapema. Unakata baada ya mavuno kwisha na kabla ya masika, yaani Januari Februari hivi, kwa msumeno mkali siyo panga, kama sentimita 30 kutoka ardhini, na unakata kwa mshazari ili maji ya mvua yateleze yasikae kwenye kidonda, halafu unapaka rangi iliyochanganywa na kopa. Kama mti una mashina mawili matatu, acha moja la pembeni liendelee kuulisha mzizi wakati mengine yanachipua, utaliondoa mwakani. Maotea yatakuja mengi, kumi na tano, ishirini, usiyaonee huruma: ukishaona yamefika kama shubiri moja na nusu chagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyokaa mbalimbali kuzunguka kisiki, mengine yote ng'oa kwa mkono, na urudi kung'oa tena na tena mwaka mzima. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, wanakata vizuri kabisa halafu wanaacha kichaka kiote, miaka miwili baadaye wana mti mchanga wenye umbo lilelile baya la mzee wake. Mavuno ya kwanza ya maana ni mwaka wa pili kuelekea wa tatu tangu kukata.

Na kwa sababu hiyo usikate yote mara moja. Kata theluthi kila mwaka, mama asikose hela kabisa, na wewe ujifunze kwenye ile ya kwanza. Anza na upande mmoja, siyo mti huku mti kule, maana ukichanganya, mirefu inaifunika mifupi.

Ila kisiki kinarudisha ujana tu, mbegu ni ileile, chulebuni na kutu utabaki nazo. Kwa hiyo pale palipo na pengo, na pale ulipochoma miti ya bungua, weka miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa nchini. Hawa ndio waliochukua utafiti wa Lyamungo tangu 2001, na wametoa aina ambazo zimezalishwa kutoka kwenye hizohizo N39 na KP423 zikachanganywa na mbegu zenye ukinzani, mojawapo ikiwa ya kisiwa cha Timor ambako arabika na robusta zilichanganyika zenyewe porini. Wenzetu Kenya walitangulia na Ruiru 11 yao mwaka 1985, wakaja na Batian 2010. Zetu zinavumilia chulebuni na kutu kiasi kwamba dawa ya kuvu unaweza kuiacha, na kwa mtu anayeishi Dar hilo peke yake ni sababu tosha. Zipo ndefu na zipo fupi za kukaa karibu karibu. Kwenye kihamba chenye migomba mimi napendelea ndefu kwa ile nafasi ya wazee ya futi 9 kwa 9, inayobeba kama miti 540 kwa eka ingekuwa kahawa tupu, wewe utapata pungufu kwa sababu ya migomba. Shimo futi 2 kila upande na kina futi 2, lichimbwe miezi mitatu kabla, udongo wa juu uuchanganye na samadi iliyooza uurudishe uachwe utulie, upande mvua za masika zikishika. Na ununue kituoni kwenyewe au kwa kitalu cha kikundi kinachotambulika, usinunue miche ya barabarani unayoambiwa ni chotara, utajua ukweli baada ya miaka mitatu na itakuwa umechelewa.

Kuna na njia ya katikati, kubebesha. Unakata kisiki cha mti wa zamani, otea likifika unene wa penseli unalibebesha kikonyo cha chotara, hivyo mzizi ni wa babu na juu ni mbegu mpya, unazaa haraka kuliko mche kwa sababu mzizi tayari upo. Inahitaji fundi wa kweli na kivuli na uangalizi wa wiki za mwanzo, kwa hiyo jaribu kwenye miti michache iliyo karibu na nyumba ambako mama anaona.

Migomba usiiondoe. Najua kuna wataalamu waliofundishwa kuchukia kivuli, mi siko nao. Kuna utafiti ulichapishwa 2015 kuhusu arabika ya Tanzania, ulionyesha kuwa joto la usiku likipanda digrii moja mavuno yanashuka kama kilo 137 kwa hekta, na ukikumbuka kwamba wakulima wadogo wengi wanapata kilo 250 au 300 tu kwa hekta utaona ni pigo la namna gani. Usiku wa mlimani haupoi kama zamani, wazee wote wanakuambia hivyo. Kivuli chepesi cha mfuruanje, mringaringa na migomba iliyopunguzwa kinashusha joto, kinashika unyevu, na majani yake yanakuwa matandazo. Neno ni "iliyopunguzwa" lakini. Shina la mgomba libaki na mama, mtoto na mjukuu, basi, hayo mengine ng'oa, majani makavu tandaza chini ya mbuni ila usiyaegemeze kwenye shina. Mfumo huu wa kihamba, ndizi na kahawa na miti na ng'ombe wa ndani na mfongo unaoleta maji kutoka juu, ndio FAO iliutambua mwaka 2011 pale Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo duniani, na haikuwa kwa uzuri wa picha, ni mfumo umelisha watu wengi kwenye eneo dogo kwa vizazi na vizazi bila kuchosha udongo. Kinachouchosha sasa ni kwamba ng'ombe wamepungua. Mama bado ana ng'ombe? Kama hana, hiyo ndiyo hela ya kwanza kutumia kabla ya mbolea ya dukani, ng'ombe mmoja wa maziwa anamlisha mama na anailisha kahawa, debe moja mbili za samadi kwa kila mti kwa mwaka zinabadilisha shamba mpaka jirani ashangae. Pima udongo pia, siyo ghali, maana ukikuta asidi imezidi utapoteza hela kwa kumwaga mbolea ambayo mti hauwezi kuila, utahitaji chokaa kwanza.

Wadudu kwa kifupi: kimatira ananyonya tunda na kuharibu punje ndani, anapenda mti uliofungamana, ukipogoa ukawa wazi anapungua mwenyewe. Ruhuka anatoboa tunda, dawa yake ni kuchuma yote mpaka la mwisho na kuokota yaliyodondoka. Mengi ni mkono, siyo chupa.

Haya, parachichi. Siipingi, inalipa na kuna watu Kilimanjaro wamejenga kwayo. Ila tazama kilichofanya jirani aipende: inaonekana haina kazi. Parachichi aina ya Hass ya kuuza nje inataka maji ya uhakika kiangazi, inataka kupogolewa ili matunda yafikike, mzizi wake unaoza ukituamisha maji, tunda likidondoka au kukwaruzwa siyo la nje tena, na likishachumwa linahesabu siku. Kahawa ikishakauka vizuri inakaa ghalani miezi ukisubiri. Parachichi haisubiri gari. Tena likishakuwa kubwa linafunika kila kitu chini, ndizi hazioti, kahawa haizai, na mama ambaye anakula kutoka kihambani ataanza kununua ndizi sokoni Kilema, hilo sipendi hata kulifikiria. Ushauri wangu panda michache mpakani upande wa chini, karibu na masale, mitano sita, uone soko lake linakwendaje kwenu. Na hata hiyo mibuni michache utakayoiondoa kabisa waulize kwanza AMCOS, yaani chama chenu cha ushirika cha wakulima, na bwana shamba wa kata, kung'oa kahawa ilikuwa kosa kisheria enzi za wazee na ni vizuri ukaenda kwa utaratibu.

Kwenye bei, ndio ilipanda sana, Februari 2025 arabika New York ilipita dola 4 kwa pauni, hata wazee waliokumbuka ile ya 1977 baada ya baridi kuua kahawa Brazil walishangaa. Usipange maisha juu ya bei hiyo. Haidumu, imeshashuka mara nyingi. Panga juu ya kitu unachokiweza wewe, yaani kilo kwa mti na ubora wa punje.

Na ubora unapotea ndani ya siku mbili tu, kuanzia kuchuma mpaka kuanika. Kwenu wengi wanamenya nyumbani kwa mashine ya mkono, hamna ubaya, ila mara nyingi wanachuma Jumamosi wanamenya Jumatatu kwa sababu mashine ni ya kuazima, hapo tunda limeshachacha ndani ya gunia na ladha imekwisha hata ufanye nini. Kama AMCOS yenu ina mtambo wa kati, ile wanayoiita CPU, pelekeni mbivu jioni ileile, imalizwe hapo. Kama hamna, menya siku uliyochuma, zitie kwenye maji kwanza zinazoelea ziondoe, ukishamenya acha kwenye ndoo au pipa safi zivunde, kwa baridi ya kwenu ni saa 36 au hata siku mbili tatu, usihesabu saa, pima kwa mkono: ukisugua punje zikawa na mkwaruzo badala ya utelezi, osha. Maji masafi, mara kadhaa. Kisha juu ya kichanja, kamwe siyo chini wala juu ya turubai lililotandazwa uani kuku wakapita, geuza geuza, funika jua la saa sita na usiku, wiki mbili hivi mpaka unyevu ufike kama asilimia 11. Kahawa ya namna hiyo ikishakobolewa Moshi inatoa madaraja ya AA na A kwa wingi, na PB zile punje za duara. Wajapani wanaijua kahawa yetu kwa jina la Kilimanjaro kuliko hata tunavyoijua sisi. Daraja linapimwa kwa ukubwa na uzito wa punje, lakini anayeonja kikombe kabla ya mnada anasikia kila ulichokifanya kule nyumbani, uvundo, udongo, gunia la mbolea, kila kitu.

Kuhusu kuuza, arabika yenu inapitia AMCOS kisha mnada wa Bodi ya Kahawa Moshi au mauzo ya moja kwa moja wakishakubaliana na mnunuzi. Wewe hakikisha jina kwenye daftari la AMCOS limebadilishwa kutoka la mzee kuja lako au la mama, kuna familia malipo ya pili yamekaa kwa sababu mwanachama ni marehemu. Na wakija kupima mipaka ya kihamba kwa GPS wape ushirikiano, ni kwa ajili ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inayokataa mazao ya ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 2020, na kihamba cha babu yako hapo hakina shaka yoyote.

Kukaanga na kuuza Dar inalipa, ila siyo kwa kilo 80. Fuata mkondo: kilo 80 za kavu ukikoboa ganda unabaki na kama 64, ukikaanga inapungua tena karibu asilimia 15 mpaka 20 kwa maji yanayotoka, unaishia na kilo 50 na kidogo. Kwa hizo hutarudisha leseni ya Bodi, alama ya TBS, vifungashio na nauli. Tafuta wenzako wanne watano wa Kilema mlio Dar, wekeni pamoja, mpelekeni mkaangaji mwenye leseni awakaangie kwa malipo, nyinyi mbaki na jina na wateja. Soko lipo, migahawa ya kahawa imeongezeka sana mjini na wenyewe wanatafuta kahawa yenye mahali pake, kihamba fulani, kata fulani. Ukifika kilo 300 tuongee tena.

Sasa lile la mwisho, la kwa nini hatunywi, limenigusa. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya nchi hii inauzwa nje. Kwetu mlimani iliingia ikiwa zao la hela tangu siku ya kwanza, ilitoka kihambani na ganda lake ikaenda kukobolewa Moshi, kwa hiyo mkulima hakuwahi kubaki na punje ya kukaanga, na kinywaji chetu cha heshima kilikuwepo tayari, mbege, na cha asubuhi kikawa chai ya maziwa. Waliokunywa ni wengine. Bukoba Wahaya walikuwa wanatafuna robusta iliyochemshwa na kukaushwa, wanampa mgeni mkononi, karne nyingi kabla mzungu hajafika, na kiwanda cha Africafe kikajengwa hukohuko. Pwani nako kuna dele na vikombe vidogo na kashata, mzee wa Kariakoo anakunywa kahawa chungu kila jioni na mkulima wa Kilema anayeilima arabika ambayo dunia inaipigania anakunywa chai. Hili lazima libadilike na linaanzia majumbani, kwa sababu mkulima asiyejua ladha ya kahawa yake hawezi kujua amekosea wapi kwenye kuvundisha, anasubiri aambiwe na mnunuzi.

Kwa hiyo Desemba ukienda fanya hivi. Chukua kilo moja ya kavu, twanga taratibu kwenye kinu ganda litoke punje isivunjike, pepeta. Toa punje nyeusi na zilizotobolewa. Chungu au kikaango kizito, moto wa wastani, koroga bila kuacha, itanukia nyasi kwanza, kisha mkate, kisha utasikia inapasuka kama bisi, ikishapasuka na kutulia na rangi imekuwa ya kahawia iliyokolea epua, usingoje iwe nyeusi yenye mafuta. Mimina kwenye ungo ipoe haraka, iache mpaka kesho, twanga, chemsha maji yatulie kidogo ndipo umimine. Mpe mama bila sukari kwanza, kisha kwa tangawizi kama akipenda. Anzeni na ile ya Oktoba halafu ile ya mwisho iliyochumwa haraka haraka, muonje zote mbili mezani, huyo kijana mtakayemwajiri naye awepo aonje.

Ukishazunguka mti kwa mti nitumie idadi ya iliyo na bungua, picha ya chini ya majani na majibu ya udongo kabla Januari haijaisha, nikupangie ni mingapi ikatwe msimu huu na uagize miche mingapi, maana vitalu huwa vinaisha miche mapema kabla ya masika.